Thumuni ya Nusu Saa

Thumuni ya siku zile ilikuwa na sungura,
masikio wima kama aliyesikia jambo,
na kwa sungura mmoja Fundi Mbaruku wa Barabara ya Tisa
alikukodisha Foniksi nyeusi nusu saa.
Aliandika jina lako kwa chaki mlangoni,
saa ya kwenda, saa ya kurudi,
kisha neno moja tu: breki haina.

Hatukuuliza breki ya nini.
Tulikuwa na katambuga, na kisigino ndicho breki.

Jumapili ile, baada ya saa nane mchana,
serikali imeshayalaza magari, petroli haba,
na njia yote ya kwenda Bombo iko wazi
kama mkeka wa wageni wasiotokea.
Semboja kwenye usukani, Akida kwenye bomba, mimi kwenye keria.
Watu watatu, sungura mmoja.
Bugaluu ya Semboja, ya kaka yake
(kaka hakujua, na sasa kaka hayupo),
tumeifunga kwa kamba ya mkonge isitafunwe na mnyororo.
Mwantumu, mwanafunzi wa uuguzi, alisema
(au Semboja alisema kwamba alisema)
atakaa dirishani amwone mwanamume
atakayeshuka bandarini bila kugusa chini.

Mteremko haushauri mtu.
Akida alianza dua, akaikatiza, akaingia matusi.
Katambuga ikanuka moshi, kisigino kikapata habari,
upepo ukatufura ndani ya mashati,
na nakwambia wewe uliyezaliwa juzi,
sijawahi tena kuwa mwepesi vile.

Chini kule, duka la ushirika, limefungwa,
na nje yake foleni ya sukari ya Jumatatu.
Si watu. Mawe.
Mawe, vikapu, tofali, kopo la mafuta, ndala ya mguu mmoja,
kila kimoja kimemshikia mwenyewe nafasi.
Tuliipitia yote katikati.

Kopo lilibingirika hadi relini.
Goti langu likafunguka, Akida kavaa mnyororo kama shada,
na sisi, Mungu atusamehe, tunacheka, tunagaragara,
mpaka Semboja akanyamaza kwanza.
Tulikuwa tumewavuruga watu mia
na hakuna hata mmoja aliyepiga kelele.

Tukaanza kuwapanga upya.
Hili la nani? Semboja akasema la bapa ni la mwalimu,
walimu hupenda vitu bapa.
Kikapu chenye ukili mwekundu nilikijua, cha mama.
Kilikuwa cha tatu. Au cha thelathini.
Nikakiweka cha tatu.
Kisha haya zikanishika, nikakirudisha nyuma,
nyuma sana, asije mtu akashuku.

Usiku tuliisukuma Foniksi, gurudumu limepinda nane,
tukaiegemeza kwa fundi, tukatoka mbio.

Wiki ile nyumbani tulikunywa chai ya chumvi.
Mama hakusema kitu.
Aliikoroga tu, muda mrefu,
kama vile kulikuwa na kitu cha kuyeyuka.

Mwantumu alituambia baadaye hakuwa dirishani.
Alikuwa amelala, katoka zamu ya usiku.

Akida yuko Muheza, daktari kamkataza sukari.
Nikimpigia namuuliza, jiwe lako li wapi?
Tunacheka mpaka mkewe anamnyang'anya simu.
Semboja tulimzika mwaka ule wa mvua nyingi,
mimi nilishika jeneza upande wa goti bovu.

Mwezi uliopita nilipita Barabara ya Tisa.
Mlango wa fundi umepakwa rangi ya kampuni ya simu,
binti mmoja anauza vocha, akaniuliza, nikusaidie nini, babu?
Nikasema napumzika.
Najua chaki haikai miaka arobaini, usinifundishe.
Lakini chini ya rangi ile liko jina langu,
iko saa ya kwenda,
na pale pa saa ya kurudi, ubao mtupu.