Tarakimu Sita

Sindano yangu ni hereni iliyofiwa na mwenzake.
Kwa ncha yake nimefungua simu za mataifa
hapa uwanja wa ndege wa Kutaisi, saa tisa za usiku,
ndege za bei poa zikitema abiria
wenye macho mekundu na shingo zilizopinda.
Unatia ncha kitunduni, unasukuma kidogo,
kitrei kinatoka kama ulimi wa mtoto kwa daktari.
Unatoa laini ya kwao, unaweka ya kwetu.
Ile ya kwao niliibandika kwa selotepu
ndani ya jalada la pasipoti, nikisema kwa ishara:
usiipoteze, kucha ya kidole cha mwisho
inakaribia kuishinda kwa ukubwa.

Mjerumani mmoja aliiangusha kwenye zulia.
Tulipiga magoti watu saba, polisi wa mpakani akiwemo,
mpaka Tsiala wa kahawa akaikuta
imeganda kwenye soli ya kiatu chake mwenyewe.

Siku hizi wanapita.
Simu zao hazina kitundu; nimezigeuza pande zote
kama mtu anayetafuta mdomo wa yai.
"Ninayo tayari," wananiambia, wakigonga kioo.
Laini yetu wameinunua wakiwa kwenye kochi, kwao,
kabla hawajaiona nchi.
Bosi amenipa karatasi yenye mraba wa madoa meusi:
"Waipige picha, basi."
Basi.
Kazi ya miaka kumi na minne imekuwa kuinua karatasi.

Sisemi mapya ni mabaya.
Laini isiyo na mwili haidondoki, hailiwi na mbwa.
(Ya jirani yangu Guliko ililiwa.
Wiki nzima tulisema tunampigia mbwa.)
Nasema tu habari ya kopo langu.

Kwenye kopo la chai, jikoni, ilikaa laini ya Malkhazi,
mwanangu, aliyekwenda Poznań kupanga matairi ghalani.
Huko ana namba ya Kipolandi. Lakini benki ya hapa
haimjui ila kwa namba yake ya zamani,
kwa hiyo kila Jumapili, akitaka kulipa mkopo wa paa,
alipiga: "Mama, iko tayari?"
Nami nimekwisha kuichomeka kwenye simu ya vibonye,
miwani puani, nikingoja itetemeke.
Tarakimu sita. Nilizisoma polepole, makusudi.
Nne. Sifuri. Umekula? Tisa.
Nani anakufulia? Tisa tena. Kuna baridi huko?
"Mama, msimbo unakufa!"
Ukifa, benki ilituma mwingine.
Sikuihurumia benki.

Mwezi wa Machi aliniandikia, na kicheko mwishoni:
Nimeihamishia namba ndani ya simu mpya. Hutasumbuka tena.
Niliichomeka ile ya kopo, kuhakikisha.
Simu ikaandika: Hakuna huduma.
Hutasumbuka.
Nililirudia neno hilo nikiosha vyombo,
nikaiosha sahani moja mara tatu.

Jumapili ya kwanza, kimya.
Ya pili, picha ya supu.
Ya tatu, kidole gumba.

Ya nne nikampigia mimi.
"Andika," nikamwambia.
"Mama, sijaomba kitu…"
"Andika. Saba." Namba ya nyumba yetu.
"Moja." Wewe; sina mwingine.
"Tatu." Ngazi ya barazani, ile iliyovunjika, bado.
"Tisa." Saa ya ndege yako.
"Mbili." Vikombe ninavyoweka mezani, mazoea haya.
Kwenye ya sita nikakwama. Sikuwa nimeiandaa.

Nilisikia birika lake likichemka, likijizima.
"Sifuri, Mama," akasema. "Mwisho ni sifuri."
Akakaa kidogo, kama mtu anayebonyeza.

"Umekubali. Nimeingia."