Sabuni Kwenye Mshono

Bibi Rozália aliniuzia ile Pannonia
kwa bei ya magunia matatu ya kitunguu saumu,
bata bukini wakiwa bado wamelala chini yake.
"Injini nzima," alisema. "Tangi, sijui.
Halijafunguliwa tangu Vendel apelekwe hospitali."

Nilipozungusha kifuniko, harufu ilinijia usoni:
si petroli tena, ni kitu kama dawa ya viatu,
kitu kama chumba cha mgonjwa asubuhi.
Nikamulika.
Magamba mekundu, tabaka juu ya tabaka,
yalipukutika kila nilipogonga bati kwa ukucha.
Kikulacho ki nguoni mwako,
na chuma hakina nguo ila ngozi yake.

Jumapili hapa Makó maduka yamefungwa,
lakini hakuna nyumba isiyo na siki.
Nikamimina ile ya matango ya mwaka jana,
na punje za pilipili mtama zikazama humo humo,
nikatia skrubu mia mbili na kipande cha cheni ya baiskeli,
nikatikisa
mpaka mabega yakaniambia umri wangu.

Lőrinc, jirani, mwashi,
asiyenisalimia tangu nilipokata tawi la mjozi wake,
alisimama upande wa pili wa uzio, akasikiliza.
"Hivyo?" akasema. Basi.
Akarudi akisukuma mashine yake ya kuchanganyia zege.
Tukalifunga tangi kwa blanketi la farasi na mikanda ya mizigo,
tukalilaza kinywani mwa mashine,
na usiku kucha mtaa mzima ulisikia
skrubu zikikoroma kama treni isiyofika.
Asubuhi tulimwaga uji wa kahawia.
Halafu maji. Halafu maji. Halafu maji na magadi.

Nikalijaza, nikalipangusa, nikalipakata
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa,
na mtoto akaanza kutoa jasho.
Tundu la sindano. Jingine.
Kwenye mshono wa chini, saba.
Kumbe kutu ndiyo iliyokuwa ikiziba, kutu ndiyo ukuta!
Hili sikuambiwa na mtu:
ugonjwa ukikaa sana hugeuka nguzo.

Nililehemu nikiacha maji ndani,
kwa kuwa mvuke wa petroli hausahau;
muulize Ambrus wa gereji zilikokwenda nyusi zake.
Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Mimi niliziba,
na ufa ukahama.

Kuhusu mbonyeo wa ubavuni, kushoto:
Bibi Rozália alikuja mara tatu kuangalia kazi.
Mara ya kwanza, ilikuwa barafu,
mwaka wa sitini na sita, kwenye daraja la Maros.
Mara ya pili, ndama.
Mara ya tatu alitia ngumi yake humo,
ikaenea barabara,
akaitoa upesi, akaulizia chai.

Mpaka rangi alitaka kuujaza lipu.
Nikamwambia apake rangi, asijaze.
Akacheka, akapaka: wekundu wa cheri iliyoiva kupita kiasi,
na pale penye mbonyeo
wekundu ukazama kidogo, ukawa mweusi.

Aprili tukatia lita tano.
Tukangoja, hakuna aliyevuta sigara.
Dakika ya kumi, chini ya mshono, tone moja
likajikusanya, likaning'inia, halikuwa na haraka.
Miezi sita, nikafikiri. Miezi sita kwa ajili ya tone.

Lőrinc akatoa mfukoni kipande cha sabuni ya kufulia,
kimeshikwa na nyuzi za suruali,
akakisugua kwenye mshono kwa kidole gumba,
taratibu, kama anayemfuta mtu mdomo.
"Petroli haiyeyushi sabuni," akasema.
Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote tangu mjozi.

Tone halikurudi
hadi Jumamosi.
Nikasugua tena.
Sasa kila Jumamosi nasugua,
kisha natoka hadi mtoni na kurudi,
goti langu la kushoto likikwepa mbonyeo,
mikono ikinuka petroli na kufua.