Dakika ya Sitini na Mbili

Chumba chetu cha kuhariri kiko Ngara, ghorofa ya tatu,
juu ya fundi cherehani na duka la betri za magari.
Tumefunika dirisha kwa blanketi,
lakini kelele za Ngara hazijui blanketi.

Kwenye skrini, Kwamboka anakunja sare ya shule.
Sweta. Kaptura. Soksi moja, ya pili haionekani.
Mwana hatarudi. Filamu imekwisha kutuambia
bila kutuambia.

Tulimwekea fidla: akawa mama wa tangazo la bima.
Tukamwekea ngoma nzito, zikamkanyaga.
Zumari, Mutiso akacheka: "Sasa anaita nyoka."
Tukamwachia kimya, na kimya nacho
kikawa kile cha nyumba iliyokatiwa stima.

Saa nane usiku. Chai imeota utando.
Mutiso kavua blanketi apate hewa,
na redio ya soja wa chini ikapanda ngazi bila hodi:
gitaa mbili zinafukuzana kama watoto,
mtu anaimba harusi
na mbuzi aliyekata kamba asubuhi ya karamu.

Wimbo wa viatu vipya.
Sikuisimamisha picha. Sijui kwa nini.

Kwamboka akakunja mkono wa sweta,
gitaa ndogo ikaingia palepale, penye kiwiko,
kama mgeni aliyekuwa mlangoni akingoja karibu.
Nikaona nisichokiona mara arobaini:
kidole gumba chake kinapapasa kola
taratibu, mara mbili, mara tatu.
Kumbe nyumba hii ilicheza.
Kumbe kuna mtoto aliruka juu ya kochi hili
akakemewa, akaruka tena.
Huzuni yetu ilikuwa ikilifukia shimo;
wimbo wa mbuzi ukalipima kina.

Mutiso hakugeuka. Alishika kizingiti kwa mikono miwili.

Chini, soja akabadili stesheni, akapata bei ya unga.
Nikashuka ngazi zote peku.
"Mzee Barasa, ule wimbo unaitwaje?"
Akanitazama kama niliyemuuliza jina la upepo.
"Upi? Wa mbuzi?"

Akauimba mwenyewe, vibaya, maneno nusu,
rungu likigonga geti kushika mdundo,
nami nimenyoosha simu gizani, ninarekodi.

Wimbo wenyewe hatukuupata.
Ukiitazama filamu, dakika ya sitini na mbili,
hakuna gitaa pale.
Ni mzee anayekosea, na chuma cha geti.