Tone la Lehemu

Theluji ya paa la zizi letu ndiyo iliyoyeyuka kwanza,
na kijiji chote cha Svaneti kilijua kwa nini:
juu ya ng'ombe watatu, chini ya majani makavu,
kaka yangu Nukri alikuwa na mashine nne
zilizovuma usiku kucha kama nyuki waliokosa ua,
zikichimba sarafu isiyoshikika.

Nukri ni fundi wa meno bandia.
Mkono wake hautetemeki. Huo ndio ubaya.
Mwenye mkono wa kutetemeka angesoma maelezo mara mbili,
angeogopa,
angelala.

Yeye alifungua bodi mezani pa mama, kati ya jibini na mkate,
akabandua stika ndogo ya kiwandani,
*ukinibandua, dhamana imekufa*,
akaibandika kwa mzaha kwenye jagi la maziwa.
Mimi nilishika tochi.
Naandika hili lisije likasahaulika: nilishika tochi.

Alitaka kubadili rezista moja tu,
kitu chembamba kuliko punje ya mtama,
volti zipande, chipu zikimbie,
deni la mjomba Jansug liishe kabla ya Pasaka.
Pasi ya kulehemu aliinunua kuukuu huko Zugdidi,
ncha imetafunwa kama penseli ya mtoto,
haina kipimo cha joto. Alipima kwa pua.
Moshi ulinukia utomvu wa msonobari,
na kwa kitambo jiko letu likawa msitu.

Ikafanya kazi.
Wengine watakusimulia kushindwa. Mimi nakuambia
ikafanya kazi, siku kumi na moja,
na Nukri akawa anapiga mluzi akikanda chokaa ya meno,
na mama akaulizia bei ya mapazia.

Basi akaongeza. Chovya, chovya.
Bodi ya pili. Kapasita nene zaidi.
Feni akaifunga kwa waya wa uzio.
Fyuzi ilipokatika mara ya pili
akaweka msumari mahali pake.

Ni kwenye bodi ya tatu tone lilipoteleza.
Si tone la kuonekana. Kichwa cha sisimizi.
Likaingia chini ya chipu, likatulia kati ya miguu miwili
isiyopaswa kugusana,
likaiunganisha kama mshenga asiyetumwa.
Nadhani niliona kitu kikimeta.
Nadhani nilikuwa nawaza kitanda.

Saa tisa ya usiku hatukuamshwa na mlio,
tuliamshwa na kimya.
Kisha harufu, wala si ya msonobari safari hii:
nywele na plastiki, harufu inayong'ang'ania ulimi.
Nyaya zilikuwa zimejivua ngozi,
na mwali mmoja mdogo, wenye adabu,
ulikuwa unapanda nguzo kuyaendea majani.

Maji ya ndoo yalikuwa barafu. Nashukuru;
Nukri angeyamwaga juu ya umeme.
Mama alitoka bila viatu, akauliza neno moja:
"Ng'ombe?"
Nikaupiga ule msumari kwa mpini wa reki, mara tatu, ukaruka,
ndipo sepetu za theluji zikafaa kitu.

Jansug alikuja majira ya maua,
akaondoka na ng'ombe mweusi, hakumaliza hata chai.
Nukri amerudi kwenye meno ya wazee.
Ana kovu kwenye kidole gumba, laini kama kioo,
na ukimgusia habari hii atakuambia kosa ni la pasi:
angepata pasi nzuri, yenye kipimo,
angepata na darubini kidogo...
Anaposema hivyo mkono wake hautetemeki.

Kila asubuhi namimina maziwa. Siku hizi ni machache.
Stika ingali pale kwenye jagi,
maji moto yameishindwa, sabuni imeishindwa,
maandishi yamefifia hadi neno la kwanza:
*ukinibandua*.
Siibandui.