Ufunguo wa Tatu

Sanduku letu la kikoba lina kufuli tatu.
Ufunguo mmoja ninao mimi, muuza karanga,
wa pili anao Mwasiti, mke wa fundi baiskeli,
wa tatu tulimpa Ndahani, mpakia magunia,
kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa kitu cha kutunza.

Alhamisi ile hakuja.
Tulikaa ghalani, upepo wa Kibaigwa ukitupaka vumbi,
hisa mkononi, kufuli mbili wazi, moja imenuna.
Mtu akasema, tumwite fundi aikate.
Mwasiti akajibu:
tukiikata kufuli, tumemkata na mwenye ufunguo.

Ndipo tukaanza kuulizana, kwa aibu,
kila mmoja na kipande alichokuwa amekikalia:
kwamba mgambo walimmwagia mahindi yake ya kuchoma
naye akacheka kicheko kisichokuwa chake;
kwamba hali tena na wenzake pale mzanini;
kwamba simuni mwake kuna mtu asiye na jina
anayemwita simba, anayemwambia sisi sote ni wachafu,
anayemwahidi kazi huko kusini, mshahara mnono,
kwa sharti moja tu: mama asijue.

Mimi la simu nililijua. Nilinyamaza.
Nilidhani ni mwanamke.

Mkata tiketi ni mwanachama wetu namba kumi na nne.
Ndiye aliyetuamsha.
Saa kumi alfajiri tukamkuta stendi,
begi dogo, viatu vipya, basi linaunguruma.
Hatukumhubiria.
Mwasiti alinyoosha kiganja: "Tumefuata ufunguo."
Akaupapasa shingoni, kwenye uzi,
akautazama kama mtu aliyeulizwa jina lake
akakuta amelisahau.
"Halifunguki bila mimi?"
"Tangu Alhamisi. Mtoto wa Chilongani anaumwa,
na hela ya dawa imo humo."

Basi likaondoka.
Sitasema alilia. Sitasema mgambo walimlipa mahindi yake,
bado tunawafuata ofisini, na benchi lao tumeshalizoea.
Wala ile namba haikunyamaza.
Ilipiga Jumapili. Tukaipokea sisi,
wanawake kumi na tisa, simu ikipita mkono kwa mkono,
kila mmoja akimuuliza yule bwana swali lilelile:
mwanangu, wewe mama yako anaitwa nani?
Alifika wa saba, akakata.

Alhamisi iliyofuata Ndahani alichelewa nusu saa.
Karanga zangu ziliungua jikoni.
Hakuna aliyemtaja fundi.