Karani

Mwanzo tulilaumu saruji.
Hapa Tororo nani asiyeijua? Vumbi lake
hulala juu ya mabati, juu ya migomba,
juu ya uji ukisahau kuufunika.
Nilipopiga chafya, majirani: ni kiwanda.
Macho yalipovimba kama ya aliyeumwa na nyuki: kiwanda.
Nikaziba madirisha kwa magunia, nikafunga mlango,
nikalala chumba kimoja na mshitakiwa.

Wewe, Karani,
uliyejikunja juu ya daftari la madeni,
mkia umemfunika Owere na magunia yake mawili
kana kwamba umemsamehe bila kuniuliza.

Tabibu Ochwo alinichungulia pua kwa tochi.
"Nyumbani unafuga nini?"
"Kuku wanne."
"Na nini tena?"
Nikanyamaza, mjane mzima,
kama niliyeulizwa jina la hawara.
"Ni mzio," akasema. "Mtoe paka,
ama umeze vidonge hivi hadi uzeeke."
Nilikwisha kuzeeka. Nikahesabu bei ya vidonge,
nikahesabu panya wa mwaka juzi:
wimbi gunia saba, karanga debe sijui ngapi,
na noti za ada ya mjukuu, walizozitafuna
ndani ya soksi, wakaacha soksi.

Hata hivyo nilikutoa.
Nilikutia kwenye boksi la sabuni,
nikakupeleka Malaba kwa Nyafwono,
ukilia njia nzima kwa sauti ya bawaba kavu.

Siku ya kwanza pua ikafunguka upande mmoja.
Ya pili, pande zote.
Ya tatu nilinusa kila kitu: mafuta ya taa,
mvua ikiwa bado ng'ambo ya mwamba,
wimbi lililoanza kuvunda kwenye kona.
Nikafurahi. Nikazunguka nyumba nikinusa kama mbwa
mpaka nikafika kwenye koti la Obbo.

Miaka minne nimelipita likining'inia msumarini,
nikijua, bila kuvuta pumzi, kwamba tumbaku yake imo.
Nilizika uso humo.
Pamba. Vumbi. Basi.

Nikakaa kitandani na pua yangu nzima.
Nyumba ilinuka usafi,
ule usafi wa mahali ambapo hakuna wa kupachafua.
Alfajiri nikamtuma kijana wa bodaboda,
nikamlipa kwenda na kurudi,
na nauli ya abiria mmoja, mwenye boksi.

Sasa tuna sheria. Hupandi kitandani.
(Unapanda.) Hugusi mto.
(Unaulalia, mgongo wako kwenye shavu langu,
ukisaga kama kinu cha mahindi siku ya soko.)
Jumamosi nakufuta kwa kitambaa chenye maji,
nawe unanitazama kama mkaguzi aliyenasa wizi.
Nafagia manyoya, yanarudi, nafagia.
Kidonge saa mbili usiku; taarifa ya habari
huisikia mwenzangu, mimi nimekwisha sinzia.

Kanisani chafya zangu humkata mchungaji
kabla hajaifikia amina.
Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki;
hawakusema lolote kuhusu makamasi.
Mama Nyachwo ananishauri ninunue sumu ya panya,
paka aende zake, nami nipumue kama watu.
Namjibu nitafikiri.
Huwa nafikiri, kweli,
muda wa kutafuta leso.

Usiku huu umeme umekatika. Nimepiga saba,
nahesabu. Ya nane imekaa mlangoni mwa pua,
haiji, haiondoki.
Gizani, shavuni pangu, nimehisi sikio lako moja likigeuka,
linaisubiri.