Tundu la Sindano

Niliinunua Jumapili, soko la vikorokoro kando ya mto Elbe.
Muuzaji alitaka yuro thelathini;
nikampa ishirini na mbili na glavu zangu,
maana Februari ile iliuma mikono ya kila mtu bila kuuliza jina.

Ukiikunja, inatoshea mfuko wa koti kama kitabu cha sala.
Ukibonyeza kitufe, kifuniko kinaanguka
na lenzi inajitokeza juu ya mikono yake ya chuma
kama mtu aliyeitwa ghafla, bado anatafuna.

Bi Irmtraud Zschoche wa ghorofa ya chini
aliitazama kwanza, hakuigusa.
"Mvukuto huu niligundisha mimi," akasema.
"Si huu. Ndugu zake. Miaka kumi na minne,
kunjo juu ya kunjo, hadi vidole vikafutika alama.
Ningeiba benki, polisi wangekamata hewa."

Akazima taa ya jikoni, akashusha mapazia,
akanifunika blanketi, mimi na kamera,
akanipenyezea kurunzi niiwashe ndani ya tumbo lake.
"Unaona nini?"
"Nyota tatu. Hapa kwenye pembe."
"Nyota ziko mbinguni, kijana. Hayo ni matundu.
Nuru ni mwizi asiyevunja mlango:
mwachie tundu la sindano, atahamia na mkewe."

Akayaziba kwa gundi na rangi nyeusi, kwa ncha ya njiti,
akipuliza, akingoja, akipuliza tena.
Saa nzima sikuambiwa neno.
Kiwanda kilipofungwa (hili alilisema akinawa)
kila mfanyakazi alipewa boksi la skrubu na mkono wa kwaheri.
Anazo bado. Mbili zimo sasa kwenye bawaba yangu.

Mkanda mmoja, picha kumi na mbili.
Hakuna betri, hakuna kipima mwanga,
hakuna kengele ya kukwambia umekosea.
Umbali unaukisia: mita tatu ni kitanda na nusu.
Unaifungua taratibu; ukiikurupusha inavuta pumzi
na filamu inavimba kama shavu la mwenye jino bovu.
Kisha unazungusha, jicho kwenye kidirisha chekundu,
vidoti vinapita, vidoti, vidoti,
halafu namba inachungulia nyuma ya karatasi,
nusu, kwa haya,
saba.

Tulikwenda mpaka kilipokuwa kiwanda.
Siku hizi ni maegesho na duka la magodoro;
kilichobaki ni daraja la reli.
Nikalipiga daraja, na treni ya mizigo juu yake.
"Na mimi," akasema.
Akavua kofia. Akaivaa tena.
Nikakaza springi, nikakisia kitanda na nusu, nikabonyeza:
tik,
sauti ya ukucha unaokatwa chumba cha pili.

Nilisahau kuzungusha.

Nililigundua usiku, bafuni,
mkanda ukining'inia na kudondosha maji kwenye beseni.
Daraja limempita kifuani.
Treni inaingia bega la kushoto na haitoki.
Na palipostahili kuwa na uso wake
upo uso wake, na mawingu, na nyaya za umeme.

Nikaisafisha picha hiyo hiyo, sikuwa na nyingine,
nikanunua keki ya jibini ya kuombea radhi,
nikashuka ngazi nikiikariri samahani.

Alivaa miwani. Akaivua. Akavaa ile nyingine.
Maji ya kahawa yalichemka mpaka yakachoka.
"Miaka kumi na minne nilisimama pale," akasema,
"treni ile ikinipita saa nne na robo,
na sikujua kama iliwahi kutoka."

Hakuniangalia. Alikuwa ameinamisha picha dirishani,
kidole kisicho na alama kikitembea ukingoni.
"Juu, kulia. Unaliona hili doa?"
Sikuliona. Kisha nikaliona.
"Tundu la nne. Lilitupita.
Kalete blanketi."